Prometheus si filamu ya wajinga: jibu kwa msomaji aliyechekwa na klabu yake

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na tuna klabu ndogo ya filamu. Mwezi ujao ni zamu yangu kuchagua filamu na kuitetea, nami nimechagua Prometheus ya Ridley Scott. Wenzangu wamenicheka. Wanasema ni filamu ya wanasayansi wajinga: wanavua helmeti wakiwa ugenini angani, mchora ramani anapotea, mwingine anamchezea nyoka asiyemjua, na mwanamke anakimbia mbele ya chombo kinachobingirika badala ya kukwepa pembeni. Tena wanasema imeiharibu Alien kwa kueleza siri iliyopaswa kuachwa, na hapo hapo haikueleza chochote. Mimi naipenda lakini siwezi kusema kwa nini. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nimeandika mswada wa filamu fupi, mwisho wake nimeuacha wazi, na mmoja wao ameniambia nimewaletea Prometheus nyingine. Je, naipenda filamu mbovu? Na mswada wangu una ugonjwa uleule?"

Marahaba, kijana wangu. Kabla sijajibu, yatazame vizuri mashtaka ya wenzako, maana mawili kati yake yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Huku filamu imeeleza mno, huku haikueleza kitu. Usiwacheke kwa hilo. Watu wanaojua filamu wakilalamika kwa kujipinga hivyo, ujue kuna jambo moja linalowauma ambalo bado hawajalitaja. Nitaanza nalo, kisha tuje kwenye helmeti na nyoka. Sitaficha mwisho wa filamu. Imetoka tangu 2012, na asiyeitazama anaweza kuishia hapa.

Filamu inayosimulia yaliyotokea kabla ya filamu nyingine, kama Prometheus inavyoitangulia Alien, ina mzigo ambao filamu ya kawaida haubebi. Mtazamaji anaingia akijua mambo yataishia wapi. Hofu ya "nini kitatokea" imekwisha makali, na mwandishi amebakiwa na "ilikuwaje" na "kwa nini". Hapo anakutana na mshindani mgumu kuliko wote: yale ambayo mtazamaji amejijazia mwenyewe kichwani kwa miaka. Katika Alien ya 1979, wafanyakazi watatu wanaingia katika chombo kilichotelekezwa na kukuta jitu limekaa kwenye kiti kikubwa, limekauka, mbavu zimepasuliwa kutoka ndani. Msanii H.R. Giger alilibuni likaonekana kama limeota pamoja na kiti chake. Kamera inalizunguka kwa muda mfupi, kisha hadithi inaendelea na mambo yake, na jitu halizungumziwi tena la maana. Kwa miaka 33 kila shabiki alikuwa na jitu lake. Wengine waliliona kama mnyama mwenye mkonga, wengine kama rubani wa jamii tusiyoweza hata kuifikiria.

Halafu anakuja Scott yuleyule aliyeiongoza Alien na kusema: ule mfupa mliouona ni vazi tu, na ndani yake kuna kiumbe mwenye sura kama yetu, mweupe kama chokaa, na vinasaba vyake vinalingana na vya binadamu. Mtu aliyelitunza jitu lake kwa miaka 33 amenyang'anywa. Hicho ndicho wenzako wanachokiita "imeeleza mno". Na kwa kuwa maelezo yenyewe yanazaa maswali mapya yasiyojibiwa, mtu huyohuyo anaona amelipishwa na bidhaa hakupewa. Ndiyo "haikueleza kitu". Maumivu ni mamoja. Nayaheshimu, na usiende mbele ya klabu yako ukayabeza.

Studio nayo ilichangia. Jon Spaihts, mwandishi wa kwanza, aliandika mswada uliokuwa karibu sana na Alien, wenye mayai na viumbe vyake. Damon Lindelof akaletwa kuuandika upya na kuusogeza mbali. Lakini trela zilipotoka zilitumia kelele zilezile za king'ora zilizotumika kuitangaza Alien, na jina la filamu lilijijenga taratibu kwenye kioo, kijistari baada ya kijistari, kama la mwaka 1979. Watu wakaitwa kwenye karamu moja wakaandaliwa nyingine. Lindelof mwenyewe alikuwa ametoka kumaliza tamthilia ya Lost, ambayo mwisho wake wa 2010 uliwakasirisha wengi kwa maswali yaliyoachwa, kwa hiyo sehemu ya watazamaji waliingia ukumbini wakiwa na kesi mkononi.

Sasa uje upande wangu. Alien ni hadithi ya vibarua. Watu saba wanalalamikia posho, wanavuta mzigo wa mwajiri, na mwajiri amewauza. Ukiipima Prometheus kwa rula hiyo, itafeli kila mara. Prometheus ni hadithi ya watoto wanaomtafuta mzazi ili wamuulize kwa nini waliletwa duniani, na kila mmoja, bila kubakiza, anajibiwa kwa dharau au kwa kipigo.

Hesabu uone. Elizabeth Shaw anavaa msalaba wa baba yake aliyekufa na anataka kumwona aliyeumba wanadamu. Peter Weyland, tajiri aliyegharamia safari, amejificha chomboni akiwa kikongwe ili aombe aongezewe maisha. Meredith Vickers anamwita Weyland "baba" mara moja tu, karibu na mwisho, na hapo ndipo tunajua kwamba yule binti mkali alikuwa akingoja mzee afe ili zamu yake ifike. Na yupo David, roboti aliyeundwa na Weyland, ambaye kati ya wote ndiye pekee anayeishi na muumba wake chini ya paa moja na kumwona jinsi alivyo. Rudia ile hotuba ya Weyland mwanzoni, pale anapotokea katika picha ya mwanga kana kwamba ameshakufa. Anawaambia wote kwamba David ndiye kiumbe wa karibu zaidi na mwana ambaye atawahi kumpata. Mtazame Michael Fassbender, anayemwigiza David: uso unachangamka kidogo. Weyland anaendelea kwamba David hazeeki wala hafi, lakini hataweza kuyafurahia hayo kwa kuwa hana roho. Uso unazimika. Hakuna aliyeligusa jambo hilo kwa neno, na binti wa damu yumo chumbani humohumo. Filamu ya mtu mzembe haina sekunde kama hizo.

Kisha nenda kwenye meza ya biliadi. Charlie Holloway, mwanasayansi mwenza na mpenzi wa Shaw, amelewa. Amegundua jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kugunduliwa na binadamu, lakini amenuna kwa sababu waumbaji aliowakuta ni maiti. Mashabiki wengi wanaichukia sini hii. Wanasema mwanasayansi gani huyo. Mimi naona ndiyo moyo wa filamu. Holloway hakuja kutafuta mifupa, alikuja kuongea na baba. David anamuuliza kwa nini wanadamu walimuunda yeye, naye anajibiwa, bila kufikiri, kwamba ni kwa kuwa waliweza. David anamuuliza tena, kwa upole, iwapo anaweza kufikiria atakavyovunjika moyo akisikia jibu hilohilo kutoka kwa muumba wake. Halafu anamuuliza yuko tayari kufika wapi ili apate majibu, Holloway anasema atafanya lolote, na David anachovya kidole chenye tone la kimiminika cheusi kwenye kinywaji chake. Mengi yanayofuata, ikiwemo mimba ya ajabu ya Shaw ambaye hawezi kuzaa, yanatoka kwenye glasi hiyo. Swali kubwa la filamu limejibiwa hapo, katikati kabisa, na mlevi asiyejua kwamba amejibu.

Ndiyo maana Mhandisi wa mwisho (Wahandisi ndilo jina la wale waumbaji katika filamu) anapoamshwa na Weyland kusimama mbele yake, hapati hotuba. Anamshika David kichwani kana kwamba anambariki, anaking'oa kichwa, na kumpiga nacho Weyland mpaka chini. Mzee anakufa akisema hakuna kitu. Kichwa cha David, kutoka sakafuni, kinamjibu kwamba kinalijua hilo na kumtakia safari njema. Wenzako wanaliita hilo jibu lililokosekana. Mimi naliita jibu lenyewe. Mwana aliyedharauliwa ametumiwa kama rungu la kumuua baba aliyemdharau.

Tuje kwenye ujinga, kwa sababu hapo ndipo utakaposulubiwa. Usitetee yote. Mashtaka mengine ni ya uongo, mengine ya kweli nusu, na mengine ya kweli kabisa. Ukiyachanganya utapoteza hata yale unayoweza kushinda.

La uongo ni hili: kwamba filamu imekosea kwa kuwa Mhandisi hafi kitini kama alivyokutwa katika Alien. Mwezi wa angani ambako Prometheus inatokea unaitwa LV-223. Ule wa Alien ni LV-426. Vyombo viwili, marubani wawili. Aliyekufa kitini ni mwingine kabisa.

Mchora ramani, Fifield, ni la kweli nusu. Ramani inachorwa na mipira inayoruka na inatumwa chomboni, kwenye meza ya mwanga mbele ya nahodha Janek. Hatumwoni Fifield akiwa nayo mkononi. Dhoruba inakuja, amri ya kurudi inatolewa, yeye ametangulia kwa woga pamoja na Millburn, yule mbiolojia, na usiku Janek anayepaswa kuwafuatilia kwa redio anaondoka usukani kwenda chumbani kwa Vickers. Wanakufa bila mtu kuwasikiliza. Uzembe huo ni wa kibinadamu sana, na filamu imeuonyesha. Kosa lake ni kwamba haikumpa Fifield hata sentensi moja ya kumwambia mtazamaji kwamba ramani hana.

Helmeti ni nusu pia. Hewa inapimwa kabla ya kuvuliwa, na Holloway, aliyeanza, ndiye mwenye kiherehere kuliko wote. Vijidudu havikupimwa, sawa. Lakini kumbuka kwamba katika Alien, filamu inayosifiwa kwa watu wenye akili, Kane, mmoja wa wafanyakazi, anainamisha uso juu ya yai linalofunguka, na nahodha Dallas anamwamuru Ripley avunje karantini. Ripley anakataa, mwenzao Ash anafungua mlango. Katika Prometheus anayesimama mlangoni kulinda karantini ni Vickers, na halegei: Holloway mgonjwa anapomkaribia, anamchoma moto. Ni ajabu kwamba watu wanaosema hakuna mwenye akili chomboni humo wanamsahau huyo.

Hapa nina la pembeni. Baadaye David anamkumbusha Shaw kwamba baba yake alikufa kwa Ebola, baada ya kuchungulia ndoto zake akiwa usingizini. Filamu inalitaja jina hilo kwa haraka, kama rangi tu. Sisi ambao tuna ndugu Kivu ya Kaskazini na Uganda tunajua maana ya kukatazwa kumgusa mgonjwa wako wa damu. Ukiitazama sini ya Vickers na moto ukiwa na ujuzi huo, haikuachii kirahisi.

Mbiolojia na nyoka ni hasara ya uhariri. Ilipigwa sini ambapo Millburn anapata mnyoo mdogo mle pangoni na kufurahi kama mtoto, kiumbe hai wa kwanza wa kigeni kuonekana na binadamu. Ikakatwa. Katika filamu iliyotoka anaruka kutoka woga hadi kumbembeleza nyoka bila daraja. Ukiirudisha sini ile kichwani, tendo lina sababu. Bila hiyo, wenzako wako sahihi kucheka.

Na Vickers kukimbia moja kwa moja chini ya chombo, hilo liache. Limepigwa vibaya. Shaw anabingirika kando na kupona, kwa hiyo njia ilikuwepo, na mtazamaji anaiona kabla ya mhusika. Kadhalika Guy Pearce, mwigizaji wa Weyland, aliyekuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo, kupakwa vipodozi vizito awe kikongwe. Sababu ipo, maana alimwigiza Weyland kijana katika video ya matangazo iliyotoka kabla ya filamu, lakini sababu iliyo nje ya filamu haimsaidii aliyelipa tiketi. Kubali, upite.

Kimiminika cheusi nacho hushtakiwa kwamba kila mara kinafanya jambo jipya. Ukikifuatilia kina tabia moja: kinavunja kiumbe na kukijenga upya kulingana na kilichomkuta na kwa kiasi gani. Mhandisi wa mwanzo, pale kwenye maporomoko ya Dettifoss nchini Iceland, anakunywa na kusambaratika ili mbegu zake ziingie majini. Wadudu wa udongoni wanakuwa nyoka. Tone dogo kwa Holloway linamwoza polepole na kupitia kwake linapanda kitu tumboni mwa Shaw. Hakuna anayetusomea kanuni kwa kuwa hakuna aliye hai mle anayeijua, isipokuwa pengine David, ambaye hana sababu ya kutuambia. Na ukitaka kuwachokoza wenzako, wakumbushe kwamba Alien: Romulus ya 2024, ambayo huenda waliishangilia, imejengwa juu ya kimiminika hichohicho walichokidhihaki.

Nikupe na mfano mmoja unaoonyesha kwamba filamu hii hujibu, ila kwa sauti ndogo. Shaw anapokimbilia mashine ya upasuaji iliyomo kwenye makazi ya Vickers, mashine inamwambia imetengenezwa kwa wagonjwa wa kiume tu. Kwa nini mwanamke tajiri awe na mashine ya wanaume? Mtazamaji makini ameshaambiwa hapo kwamba yuko mwanaume mgonjwa aliyefichwa chomboni, kabla Weyland hajaonekana. Jibu limewekwa ndani ya kikwazo, na kikwazo kiko ndani ya sini ya kutisha kuliko zote. Hapo uandishi uko juu sana.

Na hili linatufikisha kwenye mswada wako. Kuna tofauti kati ya swali lililoachwa na tendo lisilo na sababu. Swali lililoachwa ni lile ambalo wahusika wanalibeba, wanalilipia, na wanamaliza wakiwa wamebadilika kwa sababu yake ingawa hawakulijibu. Kwa nini Wahandisi walitaka kutuangamiza, ilhali maiti zao zina takriban miaka 2,000? Scott alisema katika mahojiano kwamba waliwahi kufikiria kulihusisha na kifo cha Yesu, wakaacha kwa kuwa lingekuwa wazi mno. Nadhani walifanya vyema, kwa sababu Shaw anaondoka mwishoni na kichwa cha David mfukoni akilifuata swali hilo, na tunaelewa kwa nini hawezi kurudi nyumbani. Tendo lisilo na sababu ni Millburn na nyoka wake. Mtazamaji husamehe la kwanza, hasamehi la pili, na mara nyingi hasira ya la pili humwagikia la kwanza. Ndilo lililotokea 2012. Watu walipoona mambo madogo hayajafungwa, hawakuwaamini tena waandishi kwamba makubwa yaliachwa kwa makusudi.

Kwa hiyo usikimbilie kuufunga mwisho wako. Rudi nyuma kwanza. Soma kila tendo dogo la wahusika kabla ya ukurasa wa mwisho na ujiulize kama mgeni angeona sababu yake kwenye picha, si katika maelezo unayompa wewe ukiwa umekaa pembeni yake. Waliozoea filamu zilizotafsiriwa za kibanda umiza wanaujua msaada huo: mkalimani huziba kila pengo kwa mdomo wake, humpa mhusika sababu hata kama mwandishi alimnyima. Mswada wako hautakuwa na mkalimani.

Ukiziba mwisho kwa woga wa kelele, nako kuna gharama. Alien: Covenant ya 2017 ilijaribu kuwaridhisha waliolalamika. Ikamrudisha yule kiumbe maarufu wa Alien kwa wingi, ikamuua Shaw nje ya kamera, ikatupa swali lake. Prometheus ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Covenant iliingiza karibu milioni 240. Sisemi fedha ndiyo hukumu ya ubora. Nasema waliopiga kelele wakapewa walichotaka hawakuonekana kushukuru.

Kama mswada wako una ugonjwa au la, siwezi kusema kwa barua, kwa sababu sijausoma, na hata ningeusoma peke yangu ningeona nusu tu. Mswada unapimwa mezani. Tafuta watu wanne au watano wasioujua, wausome kwa sauti kila mtu na mhusika wake, wewe ukae kimya uandike ni wapi walisita na wapi walicheka pasipostahili. Ukiwa Tanzania, walimu wa chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo wanaijua kazi hii, na msimu wa tamasha la filamu la ZIFF Zanzibar utawakuta wahariri na waongozaji ambao dakika kumi za macho yao kwenye kurasa zako zina thamani kuliko kurasa hizi zangu. Wakikwambia watatu, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba hawakuelewa palepale pamoja, waamini hao kuliko mimi na kuliko rafiki yako mwenye ulimi.

Kuhusu siku yako ya klabu, wape toleo lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Zile sini zilizokatwa ziweke mpaka mwisho wa mjadala. Katika moja yake Mhandisi aliyeamshwa anazungumza, anajibizana na David kabla ya kuanza kuua. Ionyeshe baada ya watu kubishana vya kutosha, kisha waulize waliokuwa wakidai majibu kama sasa wameridhika. Mimi naona kumnyamazisha yule Mhandisi kulikuwa kazi bora ya mkasi katika filamu nzima, lakini hilo waachie wenyewe waamue.